Wekundu wa nyama si damu

Ngamia anapochinjwa Gotu, kando ya Mto Ewaso Nyiro katika Kaunti ya Isiolo, damu humwagika mchangani, lakini nyama hubaki nyekundu. Hata ile unayonunua buchani hutoa maji mekundu, nasi wa mjini huyaita damu. Sivyo.

Wekundu huo ni mayoglobini, protini ya msuli yenye chembe moja ya chuma inayoshika oksijeni. Ndugu yake wa kwenye damu, himoglobini, ana chembe nne. Huyu huchukua oksijeni mapafuni, na akifika kwenye msuli unaofanya kazi, wenye joto na hewa chafu, huiachilia. Mayoglobini ana mshiko mkali zaidi, hivyo huipokea na kuiweka akiba. Ndiyo maana paja la kuku, ambaye hutembea kutwa na kuruka kwa nadra, ni jeusi kuliko kidari.

Basi kazi ya damu ni kushika na pia kuachilia. Jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa huvuruga yote mawili. Hewa yake iitwayo kaboni monoksidi hung'ang'ania himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na hata oksijeni kidogo iliyobaki haiachiliwi vizuri. Haina rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, hulegea, akadhani ni usingizi. Kwa hiyo, mama na baba, jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata katika baridi ya Julai.