Nyonga ya chuma: kauri inayosaidia mfupa kushika

Kobalti, madini ambayo Kongo inatoa kuliko inchi zote za dunia, haiishii ndani ya betri. Ikichanganywa na kromu, inatoa vyuma ambavyo waganga wanaweka mahali pa nyonga au goti lililoharibika. Titani nayo inatumika.

Shida ni kwamba mfupa unaweza kukosa kushikana na chuma. Kikilegea, mgonjwa anaumia na anapasuliwa tena.

Ndiyo maana vyuma vingine vinafunikwa na haidroksiapatiti, kauri ya kalisi na fosfati inayofanana na madini ya mfupa wenyewe. Unga wake unapitishwa katika plasma, gesi yenye moto unaoweza kupita digrii 10.000, kisha unarushwa juu ya chuma. Tabaka linalobaki mara nyingi halifiki milimita 0,2. Mfupa unakua hadi kulishika.

Mwaka wa 1985, mganga Mwingereza Ronald Furlong alianza kuweka nyonga za namna hiyo, bila simenti.

Lakini kipimo ni lazima. Moto ukizidi, kauri inaharibika na kuyeyuka haraka mwilini. Tabaka likiwa nene sana, linaweza kupasuka na kubanduka.