Kijana wa Makerere na Mswada Wake

Katika vyumba vingi vya kambini na nyumba za polisi, ukutani hubandikwa picha iliyokatwa gazetini. Huyu amebandika mchezaji wa mpira, yule mwimbaji, mwingine kiongozi au mwandishi wa vitabu. Picha hiyo hutazamwa kila asubuhi wakati wa kufunga viatu, na huja siku ambapo mwenye nyumba, au mtoto wake aliye shuleni, hushikwa na hamu ya kumwandikia mtu yule. Karatasi hutolewa, kalamu hushikwa, halafu woga huingia. "Mimi ni nani hata nimsumbue mtu mkubwa kama huyo?" Basi bahasha hurudishwa sandukuni, na picha hubaki ukutani mpaka ikageuka rangi.

Woga huo si wa kuchekwa, maana hata watu waliokuja kuwa mashuhuri waliwahi kuwa nao. Lakini kipo kisa kilichotokea hapa hapa Afrika Mashariki, juu ya kilima cha Makerere mjini Kampala, kinachoonyesha mambo yawezavyo kwenda endapo mtu ataushinda woga wake na kujua barabara anachokwenda kukitafuta.

Mnamo mwaka wa 1961 Chinua Achebe alifika Makerere. Alikuwa Mnaijeria wa umri wa miaka thelathini hivi, mtumishi katika shirika la utangazaji la nchi yake. Kitabu chake cha kwanza, Things Fall Apart, kilichochapwa London mwaka wa 1958, kilikuwa kimekwisha kulitangaza jina lake. Chuoni hapo palikuwapo mwanafunzi kutoka Limuru, Kenya, aliyezaliwa mwaka wa 1938, ambaye siku hizo aliitwa James Ngugi. Ndiye yule ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Kwao alikuwa ameyaona mengi. Wakati wa vita vya Mau Mau kaka yake aliingia msituni, na kijiji chao kilibomolewa kwa amri ya serikali ya kikoloni. Lakini kwa upande wa uandishi hakuwa na sifa ya kujivunia: hadithi fupi moja tu, iliyotoka katika Penpoint, jarida la idara ya Kiingereza ya chuo.

Kwa hadithi hiyo moja alimwendea mgeni. Hakumwomba sahihi yake, wala fedha, wala barua ya kumpendekeza mahali. Alimwomba aitazame kazi yake, kurasa chache tu ambazo mtu aweza kuzimaliza kabla chai haijapoa. Achebe alizisoma, akamtia moyo kwa maneno mazuri. Basi, ikawa imekwisha. Yaelekea mpita njia angeona kwamba jambo hilo ni dogo mno. Hata hivyo mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa kidogo, na mwaka uliofuata kijana huyo hakuwa tena mgeni kabisa.

Mwezi wa Juni 1962 ulifanyika Makerere mkutano mkubwa wa waandishi wa Kiafrika waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza. Walikuja Wole Soyinka na J. P. Clark kutoka Naijeria, walikuja Waafrika wa Kusini kama Ezekiel Mphahlele, Lewis Nkosi na Bloke Modisane, na kutoka Marekani alikuja mshairi mzee Langston Hughes. Afrika Mashariki ilikuwa na watu wachache, miongoni mwao Grace Ogot na huyo mwanafunzi. Ngũgĩ alieleza baadaye kwamba kilichomvuta zaidi si heshima ya kuitwa mwandishi, bali nafasi ya kumwonyesha Achebe mswada wa riwaya aliokuwa akiuandika.

Hapa inafaa msomaji atulie kidogo. Achebe hakuwa na wakati. Mkutano ulimshika mchana kutwa, na zaidi ya hayo alikuwa na kazi yake mwenyewe mkononi, riwaya ya Arrow of God, iliyotoka mwaka wa 1964. Mswada wa kijana hakuweza kuusoma wote. Alisoma kiasi cha kumwezesha kutoa ushauri wa kufaa, akautoa. Kisha akafanya lililo kubwa kuliko ushauri: aliwaeleza habari zake wachapishaji wake, kampuni ya Heinemann ya London, ambayo ilikuwa na mjumbe wake mkutanoni. Mwaka wa 1964 mswada ule ulitoka kama kitabu, Weep Not, Child, habari za kijana wa Kikuyu anayetamani elimu wakati nchi yake inaungua.

Kwa nini Achebe alikubali kusumbuliwa? Huenda jibu limo katika maisha yake. Mwaka wa 1956 alikuwa London kwa mafunzo ya utangazaji katika BBC, naye mwenyewe alikuwa na mswada aliokuwa akiuficha. Mwenzake mmoja wa Naijeria, Bisi Onabanjo, alimsukuma aupeleke kwa Gilbert Phelps, mtunzi wa riwaya aliyekuwa mwalimu wao. Achebe alisitasita. Hatimaye akaupeleka, na Phelps akaupenda mno hata akataka kuwaonyesha wachapishaji. Achebe akamwambia bado. Akarudi nao nyumbani, akaikata hadithi ya vizazi vitatu ikabaki ya Okonkwo peke yake. Mtu ambaye ameionja hofu ya kukabidhi karatasi zake kwa mkubwa haoni taabu kuitambua hofu hiyo katika uso wa mwingine.

Tena mswada ule nusura upotee. Achebe alikuwa na nakala moja tu, iliyoandikwa kwa mkono, akaituma kutoka Naijeria kwa watu wa kupiga taipu huko London pamoja na paundi 22 walizotaka. Wakanyamaza. Barua zake hazikujibiwa. Mpaka mkubwa wake wa kazi, mama mmoja Mwingereza aitwaye Angela Beattie, alipokwenda likizo London akaingia ofisini mwao na kuwauliza kwa ukali, ndipo kazi ilipofanywa. Kwa hiyo yeyote anayetaka kumpelekea mtu kazi yake, mbali au karibu, na atengeneze nakala ya pili kwanza. Siku hizi si gharama kubwa.

Wako wengine waliobisha hodi kwa barua bila kumwona mtu uso kwa uso. Maarufu kuliko wote pengine ni Srinivasa Ramanujan, karani wa hesabu katika ofisi ya bandari ya Madras, India, aliyepokea mshahara wa paundi 20 kwa mwaka. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Mwezi wa Januari 1913 alimwandikia G. H. Hardy, bingwa wa hisabati wa Cambridge, akajieleza kwa maneno machache kwamba yeye ni karani, kisha akajaza kurasa kwa kanuni alizozigundua mwenyewe. Mabingwa wengine wawili wa huko, waliopelekewa kabla, hawakumsaidia. Hardy naye mwanzoni alidhani labda ni mzaha; jioni akakaa na mwenzake Littlewood, wakazipitia, na kabla ya kulala walikuwa wamekwisha kutambua kwamba aliyeandika ni mtu wa kipaji cha ajabu. Mwaka wa 1914 Ramanujan alisafiri kwenda Uingereza, na mwaka wa 1918 akachaguliwa katika chama kikuu cha wanasayansi wa nchi hiyo. Aliugua huko, akarudi kwao, akafariki mwaka wa 1920 akiwa na miaka 32.

Visa hivi viwili vinalingana katika jambo ambalo wazazi wafaa kuwaeleza watoto wao. Ngũgĩ na Ramanujan hawakwenda mikono mitupu. Barua ya sifa tupu, hata ikiwa ndefu kama gwaride la sikukuu, humwacha anayeipokea hana la kujibu isipokuwa "asante". Lakini mtu akiletewa hadithi, mchoro, hesabu, au hata swali moja lililofikiriwa sana juu ya kazi yake, ana kitu cha kushika. Haidhuru kazi yenyewe kuwa ndogo. Ubaya ni barua inayoanza kwa heshima na kuishia kwa kuomba nauli. Barua hizo watu mashuhuri huzipata kwa magunia, nao wamejifunza kuzitambua kwa mstari wa pili.

Askari ajua kwamba kazini barua haimruki mkubwa wake; hupita ngazi kwa ngazi. Lakini kumwandikia mtunzi wa kitabu au mwalimu wa elimu fulani si shauri la kikazi, na hakuna ngazi ya kupanda. Linalotakiwa ni adabu, ufupi, anwani iliyoandikwa wazi, na moyo wa kuvumilia kimya. Wale mabingwa wawili wa Cambridge wanaweza kumtokea yeyote.

Hata hivyo kisa cha Makerere kina upande wa pili, ambao Ngũgĩ mwenyewe ndiye aliyeufichua. Katika kitabu chake Decolonising the Mind, cha mwaka wa 1986, alikumbusha kwamba yeye, mwanafunzi, aliingia katika mkutano ule kwa nguvu ya hadithi fupi mbili, kwa sababu tu zilikuwa za Kiingereza. Ilhali Shaaban Robert, aliyekuwa mshairi mkubwa kuliko wote waliokuwa hai Afrika Mashariki, mwenye vitabu kadhaa vya mashairi na vya nathari, asingeweza kualikwa, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Shaaban Robert naye alikuwa mtumishi wa serikali, karani wa forodha kwa miaka mingi, aliyeandika saa za kazi zilipokwisha. Kutoka Tanganyika hadi Kampala si mbali. Mwezi ule ule wa Juni 1962 alifariki dunia.

Kwa jambo hilo Ngũgĩ alitofautiana waziwazi na mtu aliyemfungulia mlango. Achebe alishikilia kwamba Mwafrika aweza kukitumia Kiingereza kwa namna yake na kukifanya kibebe mambo ya kwao. Ngũgĩ, alipofungwa katika gereza la Kamiti mwaka wa 1978, aliandika riwaya kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni, na baada ya hapo lugha ya mama yake ndiyo iliyokuwa lugha ya riwaya zake. Tofauti hiyo haikumsahaulisha wema. Achebe alipofariki mwezi wa Machi 2013, Ngũgĩ aliandika kumbukumbu, na ndani yake aliirudia habari ya hadithi moja ya mwaka wa 1961 na mswada wa mwaka wa 1962. Naye alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025.

Asiyejua Kiingereza naye anaweza kukisoma kile kitabu kilichomfanya kijana wa Limuru atamani kuonana na mwandishi wake. Clement Ndulute alikitafsiri, kikachapwa Nairobi mwaka wa 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo.