MACHUNGWA YA KIPUPWE YASIISHIE SOKONI



Sasa ni kipupwe. Hapa Kipalapala, karibu na mji wa Tabora, asubuhi watu wanaota moto kabla ya kushika jembe au baiskeli. Mavuno yako ghalani. Mashamba yamekauka. Mchicha na majani ya maboga huyapati tena, isipokuwa kwa wale wenye bustani za bondeni. Lakini tazama nyuma ya nyumba. Mchungwa umejaa machungwa. Mpapai nao una matunda. Shamba limelala, miti inazaa.

Je, matunda hayo yanakwenda wapi? Mengi yanapanda lori.

Jioni moja nilikuwa darasani na wanakisomo wetu. Somo lilikuwa chakula. Nikawauliza nani amekula chungwa wiki hii. Mikono mitatu tu ilinyooshwa, na miwili kati yake ilikuwa ya vijana waliochuma bila ruhusa! Watu wakacheka. Ndipo mzee mmoja akasimama.

"Mwalimu," akasema, "hayo machungwa ndiyo sare za shule na madaftari. Lori likija Jumamosi tunauza magunia. Watoto wakiyala, tutauza nini?"

Kabla sijajibu, mke wake akasema: "Baba, sema na lile jingine. Binti yetu ana mimba. Kliniki wamesema damu yake ni pungufu. Wamempa vidonge, nasi tunampa maharage na nsansa kila siku. Akimaliza kula anakunywa chai yake. Mwalimu, hapo tunakosea wapi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Mama yule hakukosea sana. Alikuwa amebakiza hatua mbili tu.

CHAKULA KINAVYOSAIDIANA

Ili mwili utengeneze damu unahitaji madini ya chuma. Madini hayo yamo ndani ya nyama, maini na dagaa. Yamo pia ndani ya maharage, kunde na mboga za majani, hata zikikaushwa kama nsansa. Lakini chuma cha kwenye mimea ni kigumu kuingia mwilini. Unaweza kula sahani nzima ya maharage, mwili ukachukua kidogo tu, na kingine kikapita.

Chuma hicho kinahitaji mwenzake wa kukifungulia mlango. Mwenzake huyo ni vitamini C. Vitamini C imo kwa wingi ndani ya machungwa, malimau, ndimu, mapapai, mapera na ubuyu. Ukila maharage pamoja na chungwa, mlo ule ule, mwili unachukua chuma kingi zaidi.

Chai hufanya kinyume chake. Ukinywa chai pamoja na chakula, inakizuia chuma kisiingie. Basi chai ingoje kiasi cha saa moja baada ya kula.

Sasa sikiliza jambo la pili. Vitamini C haipendi moto, wala haipendi kukaa. Ukichemsha mboga muda mrefu, inapungua sana. Ukikausha mboga juani, inapungua zaidi. Kwa hiyo nsansa ni chakula kizuri, ina madini, lakini vitamini C yake nyingi imekwisha kwenda. Ndiyo maana kipupwe kinatuletea machungwa wakati huu huu ambao mboga mbichi zimeadimika. Tusiyapeleke yote sokoni.

Jambo hili liliwahi kujaribiwa zamani. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, alikuwa na mabaharia 12 wenye ugonjwa wa kiseyeye. Fizi zao zilikuwa zimevimba na kutoa damu, na miguu haina nguvu. Aliwagawa wawili wawili, kila jozi akaipa kitu tofauti. Jozi moja ilipewa machungwa na malimau. Siku chache tu zilipita, na hao wawili ndio waliopata nafuu kuliko wenzao wote.

Chungwa moja la kadiri linamtosha mtu mzima kwa vitamini C ya siku nzima. Nalo Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale matunda na mboga zisizopungua gramu 400 kwa siku.

BAKULI LENYE SAFARI NDEFU

Wengine husema matunda kwenye chakula ni mambo ya mjini. Si kweli. Tabora ni njia panda ya tangu zamani. Misafara ya karne ya 19 ilipita hapa ikitoka pwani kwenda Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana njia nzima kwa kazi yao. Pale Kwihara, jirani zetu, Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwaka 1872. Stanley akaenda zake Machi. Livingstone akabaki kungoja wapagazi mpaka Agosti. Tembe la Kwihara ni makumbusho mpaka leo.

Misafara haikubeba pembe na nguo peke yake. Watu walibeba na mbegu. Miembe, michungwa na mindimu asili yake ni Asia, ikaja kwetu kupitia pwani. Papai, nyanya, pilipili na karanga asili yake ni Amerika. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 matunda yakapata njia nyingine. Lakini asali ni ya miombo yetu wenyewe, na sifa ya asali ya Tabora imefika mbali. Basi ukichanganya vitu hivi katika bakuli moja hujaiga mtu. Umekusanya ya nyumbani.

MAHITAJI KWA WATU 6

Kwa kachumbari yenyewe:
1. Machungwa 4.
2. Papai 1 dogo lililoiva lakini bado gumu kidogo.
3. Kabichi robo, au karoti 3.
4. Kitunguu 1.
5. Karanga zilizokaangwa, nusu kikombe.

Kwa rojo la kumwagia juu:
1. Maji ya ndimu au limau, vijiko vikubwa 3.
2. Asali, kijiko kikubwa 1.
3. Mafuta ya karanga au ya alizeti, vijiko vikubwa 3.
4. Chumvi, nusu kijiko cha chai.
5. Pilipili kidogo, kwa wanaopenda.

Kama ndimu hakuna, tumia ukwaju. Loweka ukwaju katika maji ya moto yaliyochemka, ukamue, uchuje. Parachichi likiwa limeletwa sokoni, ongeza moja. Na wakati wa maembe, mvua zikianza, embe litachukua nafasi ya chungwa.

USAFI KWANZA

Chakula kibichi hakipiti motoni. Kwa hiyo vijidudu vikiwepo, vinakwenda tumboni vikiwa hai. Wazee wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 na ile ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975, watu walipokusanyika kusikiliza redio na kujadiliana. Wanakumbuka pia kipindupindu kilivyosumbua nchi miaka ya 1977 na 1978. Mafunzo yale hayajazeeka.

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Chemsha maji mpaka yatokote vizuri. Yafunike yapoe. Hayo ndiyo ya kuoshea matunda na kabichi.
3. Osha chungwa na papai KABLA ya kumenya. Kisu kikipita kwenye ganda chafu kinaingiza uchafu ndani.
4. Bandua majani ya nje ya kabichi, kisha osha jani moja moja.
5. Kisu na ubao vilivyokata nyama vioshwe kwa sabuni kwanza.
6. Chagua karanga. Zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi usile, wala usimpe mtoto. Zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kukaanga. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Si jambo la kupuuza.

JINSI YA KUTENGENEZA

Hatua ya kwanza. Tumia bakuli la udongo, la plastiki au la enameli. Usitumie sufuria ya alumini, kwa sababu ukali wa ndimu unaila.

Hatua ya pili. Katakata kabichi nyembamba sana. Kata kitunguu, ukioshe kwa maji safi yenye chumvi ili ukali upungue, ukikamue.

Hatua ya tatu. Menya machungwa, toa mbegu, kata vipande. Ule utandu mweupe ukibaki kidogo hauna neno. Menya papai, toa mbegu, kata vipande vya kiasi cha kidole gumba.

Hatua ya nne. Twanga nusu ya karanga mpaka zilainike. Nusu nyingine ziponde kidogo tu.

Hatua ya tano ni rojo. Chukua chupa safi yenye kifuniko. Tia maji ya ndimu, chumvi na asali. Tikisa mpaka chumvi iyeyuke. Usianze na mafuta, maana chumvi haiyeyuki ndani ya mafuta. Sasa tia karanga zilizolainika, halafu mafuta kidogo kidogo huku ukitikisa. Maji na mafuta kwa kawaida hugombana, kila kimoja kinakwenda upande wake. Karanga na asali zinasaidia kuyashikamanisha, na rojo linakuwa zito.

Mafuta haya si ya ladha tu. Rangi ya njano ya papai na ya karoti inaupa mwili vitamini A, inayosaidia macho na kinga. Vitamini hiyo inahitaji mafuta ili iingie mwilini.

Hatua ya sita. Changanya kabichi, kitunguu na matunda polepole, papai lisipondeke. Mwagia rojo wakati watu wamekwisha kaa kula. Nyunyiza juu zile karanga zilizopondwa.

Hapo pa rojo nakuonya kwa sababu yalinipata mimi mwenyewe. Siku ya kwanza kuwaonyesha akina mama, nilitaka kuokoa muda. Nikachanganya kila kitu asubuhi, chumvi na rojo humo humo. Saa saba mchana nikafunua bakuli. Kabichi imelegea, inaogelea! Bibi mmoja akachungulia, akasema, "Mwalimu, umetupikia mchuzi?" Nilicheka nao, lakini nilijifunza. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye mboga na matunda. Kwa hiyo rojo huwekwa mwishoni.

Kula na ugali na maharage, kunde, nsansa au dagaa. Kisichoisha kisilale mpaka kesho. Tengeneza kiasi cha kwisha.

Angalizo: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata kidogo. Asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda. Karanga nzima nazo zisipewe watoto wadogo, zinaweza kuwakaba.

TUKAPIGA HESABU

Turudi kwa yule mzee na sare za shule. Hoja yake ilikuwa ya kweli. Machungwa ni fedha, na fedha inahitajika. Basi nikamwomba aende ubaoni apige hesabu mwenyewe.

Kachumbari mara 3 kwa wiki, machungwa 4 kila mara: 3 x 4 = 12.
Kwa wiki 8 za msimu: 12 x 8 = 96.
Binti mjamzito apate chungwa 1 lake kila siku, kwa siku 56: machungwa 56.
Jumla: 96 + 56 = 152.

Mzee aliitazama ile 152 kwa muda. Ana michungwa minne, na kila mmoja umeinamisha matawi. Akasema polepole, "Kumbe si gunia zima lote. Hayo 152 yatoke kwanza, kisha lori lichukue yake."

Mkewe akauliza kama binti aache vidonge vya kliniki. Nikamwambia hapana, asiache hata siku moja. Chakula kinasaidia vidonge, hakichukui nafasi yake. Na arudi kliniki tarehe aliyopangiwa apimwe damu.

Jumamosi nilipita kwao. Lori lilikuwa limekwisha ondoka. Chini ya kichanja palikuwa na kapu la machungwa, limefunikwa kwa gunia. Juu yake pameandikwa kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, kwa mwandiko wa mzee mwenyewe: YA NYUMBANI.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nyumbani kwako kuna miti mingapi ya matunda? Mwezi uliopita familia yako ilikula matunda mara ngapi?
2. Kwa nini rojo linamwagwa mwishoni?
3. Kwa nini chungwa liliwe pamoja na maharage, na chai ingoje?
4. Piga hesabu ya machungwa, mapapai au mapera yanayotosha watu wa nyumba yako kwa wiki 8. Andika jibu, ulisome mbele ya wenzako.