Wahakiki na Filamu za Mahaba

Wahakiki wa filamu wana mazoea ambayo siyaafiki. Wakisikia tu kwamba filamu imetokana na riwaya pendwa ya mapenzi, aghalabu huwa wamekwisha kukata hukumu kabla ya taa za ukumbi kuzimwa. Filamu ya kutisha husifiwa kwa kututisha. Ya mapenzi ikitutoa machozi, hudaiwa kuwa imetulaghai. Kwa nini?

Tuchukue The Bridges of Madison County. Riwaya hiyo ya Robert James Waller, iliyotoka mwaka wa 1992, iliuzwa kwa mamilioni ya nakala huku wahakiki wakiikejeli kwa lugha yake ya madoido. (Lugha hiyo nami siitetei.) Mwaka wa 1995 Clint Eastwood aliigeuza kuwa filamu. Madoido mengi yakatupwa, na kisa kikaonyeshwa kwa macho ya Francesca, mke wa mkulima wa Iowa aliyependana na mpiga picha mgeni kwa siku nne. Katika tukio la mvua, Francesca ameketi garini kando ya mumewe. Mpiga picha yumo katika pikapu iliyo mbele yao, karibu kuondoka. Mkono wa Francesca umeshika kitasa cha mlango, unakikaza, kisha unakiachilia. Hasemi neno. Wahakiki wengi waliisifu filamu hii, na Meryl Streep akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Kumbe wakitaka, haki wanaiweza!

The Notebook ya mwaka wa 2004, iliyotokana na riwaya ya Nicholas Sparks, haikubahatika hivyo. Baadhi yao waliona sukari tupu. Lakini humo mna mzee anayemsomea mkewe aliyepotewa na kumbukumbu. Mke anamtambua kwa dakika chache, kisha anamsahau na kumpigia mayowe kama mgeni. Gena Rowlands, mamake mwelekezi Nick Cassavetes, ndiye aliyeigiza woga huo. Sukari gani hiyo?

Sisemi kwamba zote ni nzuri. Kadhaa zilizotokana na vitabu vya Sparks zachosha kweli: barua, pwani, kifo, na barua tena. Zilaumiwe kwa uchovu huo, wala si kwa kuzungumzia mapenzi. Nao walimu wa fasihi wakiwapa wanafunzi kitabu na filamu yake, wawaulize mwelekezi amekata nini, ameongeza nini, na lipi amemwachia mwigizaji alitende bila maneno.