Uzito na Ukomo: Ugawaji wa Muda wa Kichakataji kwa Mazingira Pepe katika Seva ya Takwimu za Afya

Taarifa ya mwezi ya zahanati ya kijijini katika eneo kama Genkuru, mkoani Mara, huanzia kwenye vitabu vya Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maarufu kwa jina la MTUHA. Majumuisho hupelekwa ngazi ya wilaya, iwe Tarime au Serengeti, na kuingizwa katika DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo nchini Tanzania imeendelezwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa kuwa halmashauri zote hufuata kalenda moja, mzigo wa seva haulingani mwezi mzima. Siku za mwanzo wa mwezi watumiaji humiminika kwa pamoja. Mtunza takwimu aliyebonyeza kitufe cha kuhifadhi na kuona ukurasa umeganda hana namna ya kujua kama kikwazo ni mtandao wa wilayani kwake au ni foleni ndani ya seva iliyo mbali naye. Makala haya yanahusu foleni hiyo ya pili.

Kontena na kerneli moja

Mfumo wa DHIS2 una sehemu kuu tatu: programu ya Java inayoendeshwa ndani ya Tomcat, hifadhidata ya PostgreSQL, na seva ya wavuti inayopokea maombi. Zana za kuusimika zilizotolewa na watengenezaji wake huiweka kila sehemu katika kontena lake la LXD juu ya Linux. Tofauti na mashine pepe, ambayo huwa na kerneli yake yenyewe, kontena zote hutumia kerneli moja. Kila moja hujiona kuwa mfumo endeshi kamili, ilhali vichakataji ni vilevile. Wazo hili si geni: FreeBSD ilikuwa nalo mwaka 2000 na Solaris mwaka 2005.

Pasipo makundi, kerneli hugawa zamu kwa kila uzi wa programu. Hali hiyo yafanana na mashine ya kusaga ambapo kila debe lina nafasi yake katika foleni: aliyekuja na madebe ishirini husagiwa mara ishirini, na mwenye debe moja husubiri. Mwaka 2006 wahandisi wa Google walianza kutengeneza utaratibu wa kuzipanga programu katika makundi, ukaingizwa katika Linux 2.6.24 mwezi Januari 2008. Kuanzia hapo foleni iliweza kuhesabiwa kwa kaya badala ya kwa debe. Toleo la pili la utaratibu huo, ambalo ndilo linalorejelewa hapa, liliingia katika Linux 4.5 mwaka 2016.

Uzito si ukomo

Nyenzo mbili za utaratibu huu huchanganywa mara nyingi, na mchanganyiko huo ndio chanzo cha mipangilio mingi mibovu. Ya kwanza ni uzito, unaoandikwa katika faili la cpu.weight kwa tarakimu kati ya 1 na 10000, chaguo-msingi likiwa 100. Kontena lenye uzito wa 300 likishindana na lenye uzito wa 100, la kwanza hupata robo tatu ya muda na la pili robo moja. Lakini moja likikaa kimya, jingine huruhusiwa kutumia muda wote. Uzito hufanya kazi pale tu penye ushindani.

Ya pili ni ukomo, unaoandikwa katika cpu.max na ulioingia Linux 3.2 mwezi Januari 2012. Ukomo huhesabiwa kwa kipindi, kwa kawaida milisekunde 100. Kontena lililopewa milisekunde 200 kwa kila kipindi husemwa kuwa limepewa viini viwili vya kichakataji. Kauli hiyo ni sahihi kwa wastani, na inapotosha kwa mtumiaji. Ikiwa seva ina viini 16 na kontena lina nyuzi 16 zenye kazi kwa wakati mmoja, mgawo wote huliwa ndani ya milisekunde 12.5, kisha nyuzi zote husimamishwa kwa milisekunde 87.5 zilizobaki, hata kama viini vingine vyote havina kazi. Grafu ya matumizi itaonyesha seva iliyotulia. Tarime ukurasa umeganda. Ushahidi wa kusimamishwa huko hauonekani katika grafu hiyo, bali katika hesabu ya nr_throttled ndani ya faili la cpu.stat, ambalo wasimamizi wachache hulifungua.

LXD yenyewe huongeza utata. Thamani ya limits.cpu.allowance ikiandikwa kwa asilimia, mathalani 50%, hutafsiriwa kuwa uzito. Ikiandikwa 50ms/100ms, huwa ukomo. Msimamizi anayedhani ameweka ukuta huenda ameweka upendeleo tu, na kinyume chake.

Kikomo kisichomlenga mlaji

Kazi nzito kuliko zote katika DHIS2 ni utengenezaji wa majedwali ya uchambuzi, ambao kwa kawaida hupangwa kufanyika usiku. Amri hutolewa na Tomcat, lakini sehemu kubwa ya jasho ni ya PostgreSQL. Kwa hiyo kuweka ukomo kwenye kontena la Tomcat humbana mtunza takwimu, ambaye kila ombi lake hupita humo, na kumwacha mlaji mkubwa huru. Aidha, idadi ya kazi sambamba, isipowekwa kwa mkono, hukadiriwa kutokana na viini vinavyoonekana na seva ya programu, ambavyo si lazima vilingane na vile ilivyopewa hifadhidata. Java nayo, kabla ya toleo la 10 la mwaka 2018, haikutambua ukomo wa aina hii. Ilihesabu viini vyote vya seva, ikaanzisha nyuzi kwa hesabu hiyo, na hivyo kumaliza mgawo wake upesi.

Tatizo la msingi zaidi hutokea pale hifadhidata ya mfumo halisi na ile ya mafunzo zinapokaa katika kontena moja la PostgreSQL. Uzito wa kontena hauwezi kutofautisha kati yao, kwa sababu kerneli huona kaya moja. Hapa hakuna tarakimu itakayosaidia. Sharti hifadhidata ya mafunzo ihamishiwe kontena lake, lipewe uzito mdogo, na huko ukomo pia waweza kuwekwa bila madhara. Kwa kontena za mfumo halisi, uzito pekee unatosha.

Upimaji wa mpangilio huu una wakati wake. Tangu Linux 4.20, faili la cpu.pressure huonyesha sehemu ya muda ambayo programu zilisubiri kichakataji. Likisomwa katikati ya mwezi litathibitisha mpangilio wowote ule, mzuri na mbaya. Usomaji wenye maana ni ule wa siku za mwanzo, saa za kazi, wakati vitabu vya zahanati vimekwisha kufika wilayani.