Nani aandikwe kwenye orodha? Timu za waliotawanyika na somo la Kariakoo

Jioni ya Mei 31, 2018, kwenye uwanja wa Hayes Lane huko Bromley, kusini mwa London, Barawa iliichapa Tamil Eelam mabao 4-0. Ilikuwa mechi ya Kombe la Dunia, na Barawa ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa mashindano. Hapa Dar es Salaam macho yalikuwa Urusi, ambako kombe lile lingine, la FIFA, lilikuwa limebakiza wiki mbili kuanza. Kwa hiyo habari ya mji wa Waswahili kuandaa kombe la dunia ikapita bila kelele, hata kwenye vijiwe vya Kariakoo ambako kidole cha mguu cha beki wa Simba kikiuma, hujadiliwa mpaka chai ipoe.

Barawa ni mji wa pwani ya kusini ya Somalia. Wenyeji wake huzungumza Chimiini, lahaja ya Kiswahili ya kaskazini kabisa, na undugu wao na sisi wa huku chini ni wa siku nyingi. Sheikh Uways bin Muhammad, aliyezaliwa Barawa mwaka 1847, alikaribishwa Zanzibar na Sultani Barghash, na mkono wake umo katika kuenea kwa tarika ya Qadiriyya pwani na bara. Sheikh Abdulaziz al-Amawi, naye mzaliwa wa Barawa, alikuwa kadhi Kilwa na kisha Zanzibar.

Vita vya 1991 viliwatawanya. Wengi waliingia Mombasa kwa njia ya bahari na kuishi kambi ya Swaleh Nguru. Baadaye wengine wakavuka kwenda Marekani, wengine Uingereza, hasa kaskazini mwa London. Mji wenyewe ulikaa mikononi mwa al-Shabaab hadi Oktoba 2014, majeshi ya Somalia na ya Umoja wa Afrika (AMISOM) yalipoukomboa. Timu ya Barawa iliyocheza Bromley ilikuwa ya watu hao na Wasomali wengine wa kusini wanaoishi Uingereza. Kwao hakukuwa na pa kualika wageni, ndiyo maana wakawaalika ugenini.

Waandaaji walikuwa CONIFA, shirikisho lililoundwa mwaka 2013 kwa ajili ya timu zisizo na nafasi FIFA: mataifa yasiyotambuliwa, visiwa, makabila madogo na watu walio mbali na kwao. Kombe lao la kwanza lilichezwa Östersund, Sweden, mwaka 2014, la pili Abkhazia mwaka 2016. Lile la London lilikuwa na timu 16, zikiwemo Tibet, Matabeleland na Tuvalu, na mechi zilichezwa kwenye viwanja vya timu za madaraja ya chini: Bromley, Sutton, Enfield, Haringey. Miongoni mwa hizo 16 kulikuwa na timu moja ambayo historia yake inafanana na ya Barawa kuliko inavyodhaniwa: Wakorea wa Japani.

Wakorea wengine

Sisi wa Dar tunawajua Wakorea kwa Daraja la Tanzanite. Kampuni yao ndiyo iliyolijenga, kwa mkopo wa serikali yao, na tangu 2022 magari yanapita juu ya bahari yakielekea katikati ya mji. Wakorea wa Japani ni habari nyingine. Ni wajukuu na vitukuu wa watu waliohamia, au waliopelekwa kwa nguvu, katika miaka ambayo Japani iliitawala Korea, 1910 hadi 1945. Enzi hizo walihesabiwa kuwa raia wa dola ya Japani. Mwaka 1952 uraia huo ukafutwa, na huko walikotoka nchi ilikuwa imeshakatwa vipande viwili tangu 1948. Wengi wakabaki wameandikwa kwenye karatasi za ugeni kwa jina la Korea ya zamani, dola ambayo haipo tena kwenye ramani.

Mwaka 1961 wakaunda timu yao. Ilikuwa kali, lakini haikuwa na nafasi kwenye mashindano rasmi ya Japani, ikabaki kuzunguka nchi nzima ikicheza mechi za kirafiki na kuzifunga timu ambazo Jumapili iliyofuata ziliendelea na ligi yao. Ikajijengea sifa ya kuwa timu bora isiyoonekana kwenye msimamo wowote.

Mashabiki wa soka wa hapa walikutana na watoto wa jamii hiyo Juni 15, 2010, pengine bila kujua. Siku hiyo, uwanja wa Ellis Park mjini Johannesburg, Korea Kaskazini ilicheza na Brazil ikafungwa 2-1. Wimbo wa taifa ulipopigwa, kamera ikamnasa mshambuliaji Jong Tae-se akibubujikwa na machozi. Mtu huyo alizaliwa Nagoya, Japani. Baba yake ana uraia wa Korea Kusini. Jezi aliyovaa ni ya Kaskazini. Kwenye kikosi hicho hicho alikuwemo kiungo An Yong-hak, naye mzaliwa wa Japani. Miaka minane baadaye, akiwa ameshastaafu soka la kulipwa, An ndiye aliyewaongoza Wakorea wa Japani London, akiwa kocha na mchezaji.

Timu hiyo ya London inajiita ya Wakorea walioungana, na hakuna porojo katika jina hilo. Benchi lake linaweza kukaliwa na mwenye pasipoti ya Kusini, mwenye mahusiano na Kaskazini na aliyekwisha kuchukua uraia wa Japani, wote wakisubiri kuingia kipindi cha pili. Serikali zinazohusika zimeshindwa kuwakalisha watu wao hivyo kwa zaidi ya miaka sabini.

Mgogoro wa jina moja

Barawa nayo ilikuwa na lake. Katika kundi lao, baada ya ile 4-0, walifungwa 2-1 na Cascadia, kisha wakaifunga Ellan Vannin, timu ya Kisiwa cha Man, 2-0. Timu tatu zikamaliza na pointi sita kila moja. Barawa ikaongoza kwa tofauti ya mabao na Ellan Vannin ikatupwa nje ya robo fainali.

Hapo ndipo vumbi lilipotimka. Ellan Vannin walilalamika kwamba Barawa imemtumia mchezaji aliyeongezwa kwenye orodha baada ya mashindano kuanza. CONIFA ikayatupa malalamiko. Ellan Vannin wakakusanya mabegi, wakajitoa na kuondoka, mechi za kutafuta nafasi zikiwa bado hazijachezwa. Barawa haikufaidi sana: robo fainali ilikutana na Kupro ya Kaskazini ikala nane bila majibu. Kombe lilichukuliwa na Kárpátalja, timu ya Wahungari waishio Ukraine, kwa penalti.

Kwa juu juu, huo ulikuwa ugomvi wa kanuni: dirisha la usajili limefungwa au halijafungwa? Lakini nadhani ndani yake kuna jambo zito zaidi. Kwenye soka la FIFA pasipoti humaliza ubishi. Mchezaji ni wa kwenu au si wa kwenu, na hati ipo mezani. Timu ya watu waliotawanyika haina hati hiyo. Orodha ya wachezaji ndiyo mpaka wake, ndiyo ofisi yake ya uhamiaji, na anayeongeza jina moja usiku anaonekana kama aliyehamisha mpaka wenyewe. Ndiyo maana mgogoro wa jina moja uliweza kuvuruga kombe zima.

Na Wabarawa wa London wana sababu ya kuthamini kitu chochote kilichoandikwa jina lao. Juni 2013 kituo chao cha jamii huko Muswell Hill kilichomwa moto, na ukutani yakakutwa maandishi ya EDL, kundi la Waingereza lenye chuki dhidi ya Waislamu. Madrasa, mikutano, harusi, kila kilichofanyika pale kikakosa pa kufanyikia. Katika kipindi hicho sinagogi la Finchley liliwafungulia milango, na mwezi wa Ramadhani Waislamu hao wakafuturu nyumbani kwa Wayahudi. Miaka mitano baada ya moto, jina Barawa likatangazwa kwenye vipaza sauti vya Bromley kama mwenyeji.

Kutoka Kivukoni hadi Msimbazi

Tusidhani mambo haya ni ya wenzetu tu. Shuka kwenye pantoni Kivukoni, pita soko la samaki la Feri, kisha tembea kwa miguu mpaka Kariakoo. Unakuwa umekatiza mji uliogawanywa na wakoloni kwa rangi za watu. Kwanza Uzunguni, penye majumba ya serikali na, kule mbele, Gymkhana Club. Halafu Uhindini, penye maduka na maghorofa. Halafu Mnazi Mmoja, eneo lililoachwa wazi makusudi ili litenganishe. Ukivuka hapo ndipo unaingia Kariakoo, mji wa Waafrika.

Klabu zilifuata mstari huohuo. Wazungu walikuwa na yao, Wagoa yao, Waismailia yao, Waarabu yao. Young Africans, yaani Yanga, iliyozaliwa mwaka 1935 ilijieleza kwa jina lake. Mwaka mmoja baadaye wakaja wenzao, waliopitia majina ya Queens na Eagles kabla ya kuitwa Sunderland, na mwaka 1971, kwa ushauri wa Mzee Abeid Amani Karume, wakawa Simba. Wakati ule kijana wa Kihindi hakuwa na sababu ya kukatiza Mnazi Mmoja kwenda kufanya majaribio Jangwani, kwa Yanga. Timu ilikuwa ya waliofungiwa upande mmoja.

Angalia sasa. Mwaka 2012 wanachama wa Yanga walimchagua Yusuf Manji kuwa mwenyekiti wao. Mwaka 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya kuwekeza Simba. Wote ni Watanzania wenye asili ya India. Walisemwa sana, maana hakuna kiongozi wa Kariakoo asiyesemwa, lakini walisemewa usajili, makocha na fedha. Clatous Chama akatoka Zambia, mashabiki wa Simba pale Msimbazi wakamwita Mwamba wa Lusaka, na alipohamia Jangwani mwaka 2024 watu waliumia kama wanaoachwa na ndugu. Mlango ulifunguliwa na kadi ya uanachama: lipa ada, chukua kadi, paza sauti mkutanoni.

Kenya walijaribu njia nyingine. Abaluhya FC, iliyoanzishwa mwaka 1964, na Luo Union zilikuwa timu za jamii waziwazi, hasa za watu wa magharibi waliokuja kufanya kazi Nairobi. Serikali ikaamuru majina ya kikabila yafutwe. Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Reunion. Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968 na kubeba jina la shujaa wa masimulizi, ilibaki na jina lake na mwaka 1987 ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika. Kibao kilibadilishwa kwa amri, lakini mashabiki walibaki walewale na nyimbo zilezile. Amri haifungui mlango ambao wanachama hawajataka kuufungua.

Hata hivyo, Kariakoo isiwahubirie Wabarawa au Wakorea wa Japani. Sisi tuliweza kulegeza orodha zetu kwa sababu tangu 1961 tulikuwa na hati nyingine za kutuambia sisi ni nani. Anayepoteza mji, uraia na kituo cha jamii akishikilia orodha ya wachezaji 23 kwa mikono miwili, ana haki. Lakini naye ana hesabu ya kupiga. Mtoto aliyezaliwa London, anayezungumza Kiingereza na kushabikia Arsenal, ndiye atakayeirithi Barawa au asiirithi. Wakimuuliza maswali mengi mlangoni, timu itabaki na wazee.

Leo kwenye maduka ya Kariakoo wamo Wakongomani, Warundi, Wasomali na Wachina. Wakiunda timu zao za wikiendi, wasionekane wanajitenga. Yanga na Simba nazo zilianza kwa kujikusanya. Kazi iliyo juu yetu ni kwa watoto wao. Siku mmoja wao akija na viatu mkononi kuomba kufanya majaribio, jezi ya kijani au nyekundu, swali la kwanza liwe anacheza namba ngapi.