Kidiaba ao Mpasi? Namna ya kupima kipa anayeanzisha mchezo

Hapa Goma, wakikutana watu wanne wa promosio yetu mbele ya televisheni na Léopards wanacheza, mabishano ni yale yale.

"Kidiaba njo kipa! Huyu wa sasa anachezaka na roho zetu."

"Wee, Mpasi anaonaka mbali. Kidiaba alikuwa anatosha tu mupira pale, basi."

Nimesikia hayo mara nyingi, na bado sijasikia mtu akieleza "kuona mbali" ni nini na tunakupima namna gani. Mimi si kocha. Nina lisansi ya agronomia. Lakini kazi yetu sisi wa agro ni kulinganisha vitu viwili bila kudanganywa na macho, kwa hiyo leo niruhusuni niingie kwenye tereni ya wengine.

Kule Marekani, katika mpira wao wa vyuo vikuu, ule wa kubeba kwa mikono, kuna mchezaji anaitwa kotabeki. Anapokea mpira, ana sekunde chache kabla wanaume wakubwa hawajamuangukia, na katika muda huo lazima achague mwenzake wa kumrushia. Wanaojua ule mchezo wakilinganisha makotabeki wawili, wanauliza maswali mawili: mkono wake ukoje, na kichwa chake kikoje? Katika mpira wetu, aliye karibu zaidi na huyo mtu ni kipa. Yeye peke yake ana ruhusa ya mikono, anaona tereni nzima mbele yake, na akishika mpira, shambulio linaloanza ni la kwake.

Tuanze na mkono. Kipa anaweza kubingirisha mpira chini mpaka kwa beki wa karibu. Anaweza kuurusha juu ya bega, ukaenda haraka na kwa kunyooka mpaka pembeni. Ao anaupiga kwa mguu mpaka mbali. Kila njia ina bei yake. Mpira uliopigwa juu sana unakaa hewani, na adui anapata muda wa kujipanga. Mpira uliorushwa vizuri unafika mapema, lakini ukikosea kidogo unampa adui zawadi karibu na goli lako. Mkono mzuri, basi, si nguvu peke yake. Swali ni kama mwenzako ameupokea vizuri, akiwa tayari kuendelea mbele, ao kama amelazimika kurudi nyuma kuufuata.

Kichwa ni ile hesabu inayofanywa kabla. Nani yuko huru? Adui wangapi wamebaki mbele? Tuko tunaongoza na dakika ni ya 85, ao tunatafuta goli? Wakati mwingine jibu sahihi ni kulala juu ya mpira na kuacha wenzako wapumue.

Hapa njo watu wengi tunakosea. Tunaangalia matokeo tu. Kipa akirusha, tukafunga goli, tunasema ana akili. Akirusha, tukafungwa, tunasema ni mjinga. Lakini mkulima anaweza kupanda kwa wakati, kwa nafasi nzuri, na mbegu safi, kisha mvua ikakatika. Uamuzi ulikuwa mzuri, mavuno mabaya. Jirani yake amepanda kwa kuchelewa, mvua nayo ikachelewa, amevuna. Ukimpa huyo jirani kazi ya kufundisha kijiji, mwaka ujao mutalala njaa. Kwa hiyo kila mpira tuandike vitu vitatu mbalimbali: alichagua nini, aliupeleka vipi, na kilitokea nini. Kile cha tatu kisifute viwili vya kwanza.

Sasa turudi kwa watu wetu.

Robert Kidiaba alikuwa golini kwa TP Mazembe mwaka 2010, wakati klabu ya Afrika ilifika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu kwa mara ya kwanza. Kule Abu Dhabi walipiga Pachuca 1-0, kisha Internacional ya Brazil 2-0. Mechi mbili bila kufungwa. Tarehe 18 Desemba, Inter Milan wakawapiga 3-0. Mwaka 2015 alikuwa tena golini kwa timu ya taifa, tulipochukua nafasi ya tatu ya Kombe la Afrika kwa penaliti mbele ya Guinée ya Ikweta. Watu wanamkumbuka kwa kuruka, kwa refleksi, na ile dansi ya kurukaruka kwa makalio.

Lionel Mpasi amezaliwa Ufaransa, Meaux, na amelelewa katika shule ya mpira ya PSG. Tarehe 28 Januari 2024, kule San-Pédro, tulitoka 1-1 na Misri, tukaenda penaliti. Kipa wa Misri akapiga mwamba. Zamu ikawa ya Mpasi mwenyewe: akaweka mpira, akafunga, 8-7. Siku kumi baadaye, mbele ya Côte d'Ivoire katika nusu fainali, wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kichwani sawa vile bunduki, juu ya mauaji ya huku kwetu mashariki. Tulipoteza 1-0, lakini ile picha haijatoka machoni mwangu.

Na hapo kuna mtego. Tukimpenda mtu kwa sababu kama hizo, hatuwezi tena kumpima. Mwenye kulia na Kidiaba mwaka 2010 akiwa mtoto, na mwenye kulia na Mpasi mwaka 2024, kila mmoja anapima machozi yake.

Mtego wa pili ni udongo. Huwezi kupanda maharagwe ya aina moja huko Masisi kwenye udongo mzuri, aina nyingine hapa Goma juu ya mawe ya volkano, kisha ukasema ya kwanza ni bora. Kidiaba na Mpasi hawakucheza kwenye udongo mmoja. Tangu 1992 kipa haruhusiwi kushika kwa mikono mpira ambao mwenzake amemrudishia kwa mguu kwa kusudi. Hiyo sheria iliwakuta wote wawili. Lakini mpaka 2019, mpira wa goli ulipaswa kutoka kwanza nje ya eneo la penaliti kabla mwenzako hajaugusa. Sasa beki anaweza kuupokea akiwa ndani, karibu kabisa na kipa. Miaka mikubwa ya Kidiaba yote ilikuwa kabla ya hapo. Kipa wa leo anaombwa kujenga mchezo kwa pasi fupi, adui akiwa usoni. Yeye hakuombwa hivyo. Na tangu 2025, kipa akishika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde nane, adui anapewa kona. Zamani ilikuwa sekunde sita, kwa adhabu ya mpira usioruhusiwa kufunga moja kwa moja, lakini marefa walikuwa wanafumba macho. Kichwa cha kipa kinafanya kazi kwa saa tofauti.

Ningependa kuwaambia kwamba haya niliyajua siku zote. Hapana. Katika ekipe ya fakulte yetu mimi nilikuwa kati ya wale watatu waliopanga wachezaji. Tulikuwa na makipa wawili. Mmoja alikuwa na mkono mkali, anatupa mpaka katikati. Mwingine alikuwa anatulia, anaangalia, anabingirishia beki. Siku moja huyu wa pili alibingirisha vizuri kabisa, kwa mtu aliye huru, mpira ukagonga jiwe, ukaruka, tukafungwa. Mimi njo nilisema atoke. Hakurudi tena mazoezini. Mpaka leo tukikutana barabarani ananisalimia kwa heshima, na mimi ninaona haya. Alichagua vizuri, aliupeleka vizuri. Kilichokosea ni jiwe, na mimi nilimuhukumu kwa jiwe.

Ndiyo maana nilifurahi na kitu alichokifanya kocha Sébastien Desabre tarehe 16 Novemba 2025 kule Rabat, mbele ya Nigeria. Tulikuwa 1-1, muda wa nyongeza unaisha. Akamtoa Mpasi, aliyekuwa amecheza mechi yote, akaingiza Timothy Fayulu kwa penaliti tu. Tukashinda 4-3. Wengine walisema amemdharau Mpasi. Mimi naona hakuuliza "nani kipa bora?" Aliuliza "nani kwa kazi hii, dakika hii?" Na hata kama tungepoteza, swali lake lingebaki zuri.

Kwa hiyo, Kidiaba ao Mpasi? Kama shida yangu ni mashuti ya karibu, mbele ya ekipe inayotukandamiza, nampa Kidiaba. Kama ninataka kuanzisha mchezo kutoka nyuma kwa sheria za leo, nampa Mpasi. Mwenye kubisha abishe, lakini mechi ijayo aje na daftari, mistari mitatu: alichagua nini, aliupeleka vipi, kilitokea nini. Na asiandike hukumu kabla ya mipira ishirini. Wengi wetu tunatafuta kazi na diploma mkononi, na tunajua uchungu wa kupimwa kwa siku moja mbaya. Tusifanyie wengine hivyo, hata kwenye mpira.